Mama Mémoire Mbili

Ukifika Katuba kumtafuta fundi Habiba, yule anayeshona libaya, blauzi ya kitenge, lisilobana kwapani, usiulize Habiba. Akina Habiba ni wengi. Uliza Mama Mémoire Mbili. Muuza makala atakunyooshea kidole, watoto watakusindikiza hadi kwenye lango la parcelle, kiwanja chake, na yeye mwenyewe akisikia jina hilo linaitwa kutoka barabarani ataondoa mguu kwenye kanyagio la mashini yake ya kushona, aitike. Haitiki kwa hasira. Wageni hucheka, wakidhani ni utani kama utani mwingine tunaopeana huku. Wenyeji hawacheki. Kaa kidogo, usikie walivyoacha kucheka.

Habiba ni mjukuu wa watu wa Kasongo, kule Maniema, waliofika Lubumbashi na mkasi na futi ya kupimia. Mumewe, Zakari, naye alikuwa fundi. Alipofariki alimwachia mashini mbili na mtoto mmoja. Mashini ya kwanza ni ya kushona, hiyo iliyopo mpaka leo. Ya pili ilikuwa surfileuse, ile ya kufunga nyuzi pembeni mwa kitambaa ili kisifumuke. Mtoto alikuwa Yusufu. Kwa hiyo kabla ya jina hili, watu walimwita Mama Yusufu, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kujishonea.

Yusufu alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na kasoro moja: alicheka kabla hajamaliza kusema. Akianza kukueleza jambo, hata liwe zito namna gani, kicheko kinamtangulia. Waliomjua walizoea. Walimu wake walizoea. Mama yake pia alizoea, isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo tunayoiendea.

Alisoma jiografia katika institut moja mjini. Mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi hutakiwa kuandika kitabu chake mwenyewe, cha utafiti wake, ambacho walimu watakaa kukihukumu. Kitabu hicho huku tunakiita kwa Kifaransa, mémoire. Bila mémoire hakuna diploma. Yusufu alichagua visima. Alizunguka avenue kwa avenue, akiomba ruhusa kuingia kwenye parcelle za watu, akiteremsha kamba yenye mafundo aliyosokotewa na mama yake, fundo moja kwa kila mita, kisha anapiga picha kisima na kuandika kina chake. Watu walimwona mwehu kidogo. Akina mama walimpa ndoo na kumwambia, kama umekuja kuchungulia, chota basi.

Kompyuta yake, ordinateur kama tunavyoiita huku, ilikuwa ya mkononi, nzee, iliyokwisha kupita kwa wenyewe wawili au watatu. Habiba aliishonea mfuko kwa vipande vya vikwembe, yaani vitenge, vilivyobaki mezani: kipande chenye tausi, kipande chenye maua ya kijani, kipande cha sherehe ya arusi ya mtu. Ulikuwa mfuko wa makelele. Ukimwona Yusufu anatoka kwenye taxi-bus, unauona mfuko kwanza.

Mwezi wa tano institut iliomba frais, ada, ya mémoire. Habiba hakulalamika. Aliita mnunuzi, akauza surfileuse ya marehemu mumewe, pesa akamwekea Yusufu aende kulipa kesho yake. Yusufu aliporudi jioni alikuta alama nne za miguu ya mashini kwenye sementi, pale sementi ilipokuwa safi kuliko kwingine. Alisimama akaziangalia, na safari hiyo hakucheka. Tangu siku hiyo Habiba alifunga kingo za nguo kwa mkono, sindano na uzi, libaya moja likimchukua mara mbili ya muda.

Basi, ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi, jua la baridi. Habiba yuko barazani na wateja wawili wanaopimwa. Nje ya ukuta yuko Mado, muuza makala, jirani yake wa miaka mingi, mwenye mdomo unaofanya kazi kuliko redio. Yusufu akaingia na mfuko wake begani.

"Mama, kila kintu iko sawa sasa. Inabakia paka mémoire, ni ile tu."

Habiba alikuwa na pini mdomoni. Akaitoa.

"Inabakia nini?"

"Mémoire, mama. Nikipata mémoire, mu juma moja ninamaliza."

"Yusufu. Mémoire si nililipa?"

"Ulilipa, mama. Hii ni ingine. Hii ni mémoire ya mashini."

Sasa fikiri. Katika nyumba ile, mashini ilikuwa moja tu. Watu wote, wateja na Mado aliyechungulia juu ya ukuta, waligeuza macho kuiangalia mashini ya kushona, imekaa pale na uzi wake mwekundu.

"Mémoire ya mashini!" Mado alipasuka. "Mama Yusufu, kumbe mashini yako inaingiaka ku université! Itatoka na diploma mbele ya mutoto!"

Wateja walicheka hadi mmoja akachomwa na pini ya libaya alilovaa. Habiba naye angecheka, kama si zile alama nne kwenye sementi.

"Mashini yangu inaombaka mafuta," alisema. "Mémoire haijaomba hata siku moja."

"Apana, mama, siyo yako. Ya mie, ya ordinateur. Ni kale kantu kadogo, kanaingia ndani..." Yusufu alionyesha kwa vidole viwili urefu wa kitu hicho, na pale pale kicheko kikamtangulia. Ndicho kilichomharibia. Mama yake aliona mtu anayeomba pesa huku anacheka.

"Niliuzisha surfileuse ya baba yako juu ya mémoire. Leo unaniletea mémoire ya pili. Muntu moja anaandikaka mémoire ngapi, Yusufu? Benzako banamaliza na moja, weye unataka mbili?"

"Mémoire Mbili!" Mado alidakia kutoka ukutani, na jina likazaliwa.

"Mama, sikia..."

"Sisikie. Uko muongo. Baba yako hakukuwa muongo, mie siko muongo. Huu uongo uliutosha wapi, uliutoa kwa nani?"

Yusufu akaacha kucheka. Alimwangalia mama yake, akawaangalia wateja, akauweka vizuri mfuko begani.

"Sawa, mama."

Kufika jioni jina lilikuwa limeshazunguka. Kwenye meza ya vijana wanaochajisha simu, pale kona, walimpigia miluzi: Mémoire Mbili! Yeye aliwapungia mkono. Huku Katuba jina likikushika, ukikasirika ndipo linapigwa misumari, na Yusufu alijua hilo. Kwa hiyo hakukasirika. Likapigwa misumari hata hivyo.

Siku nne baadaye alimwambia mama yake anakwenda Mokambo, mpakani na Zambia, kutafuta kazi ya kupakia. Alipakia mifuko ya unga karibu wiki mbili, akilala juu ya mizigo. Aliporudi alikuwa amekonda na macho yamepata rangi ya manjano. Alisema ni uchovu. Kesho yake homa. Kesho kutwa hajui aliko. Walimpeleka hospitali, na Habiba alikaa pembeni ya kitanda akimkanda paji la uso kwa kitambaa cha maji. Kuna saa alirudiwa na akili, akafungua macho.

"Mama, ile mémoire..."

"Achana na mémoire, mutoto yangu. Upone kwanza."

Akanyamaza. Alikuwa mtoto wa kutii. Hakuamka tena.

Siku ya kumzika, vijana wa pale kona ndio waliobeba jeneza, wakipokezana. Mmoja wao, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, alisema kwa sauti, "Wende muzuri, Mémoire Mbili." Hakuwa na nia mbaya. Jina lilikuwa limeshakuwa la mapenzi. Lakini Habiba alilisikia likiteremka kaburini pamoja na mwanawe, na alijua nani alilianzisha. Mado alilitamka tu. Yeye Habiba ndiye aliyelipatia maana.

Baada ya siku tatu alifungua begi alilorudi nalo Yusufu kutoka Mokambo. Kati ya mashati mawili yaliyojaa vumbi la unga alikuta pesa, zimekunjwa ndani ya nusu karatasi ya facture, hati ya bei, yenye muhuri wa duka moja la mjini. Mgongoni mwa karatasi, mwandiko wa Yusufu: *PC3L, 8. Usisahau L!*

Mado alikuwepo, amekuja kumsaidia kufua. Habiba alimwonyesha.

"L?" Mado alisoma, akashusha sauti kwa heshima ya matanga. "Mama Yusufu, usijisumbue na hii. L ni Léa. Ule binti wa salon ya coiffure. Bijana ni bijana."

Na kila kitu kikakaa mahali pake, kama vipande vya kitambaa kilichokatwa vibaya lakini vinalingana. Kumbe mtoto hakulipa frais ya mémoire. Aliificha, kwa ajili ya msichana, akarudi kuomba nyingine. Habiba angeweza kwenda institut kuuliza kama pesa ilifika. Hakwenda. Aliogopa jibu. Alizifunga zile pesa na karatasi yake kwenye pindo la kikwembe, bila kuzihesabu, akaziweka chini ya godoro kama kitu cha kuambukiza. Léa alipokuja matangani na kilo ya sukari, Habiba aliipokea bila kumwangalia usoni.

Akawa na vilio viwili. Akimlilia mwanawe, hasira inakuja inakikata kilio katikati. Akikasirika, kilio kinakuja kinaikata hasira. Hakuna kilichofika mwisho wake. Majirani walimwona mkavu, wakasema ana moyo wa nguvu.

Arobaini ikasomwa. Kesho yake Habiba aliichukua kompyuta ndani ya mfuko wake wa vikwembe, aiuze. Hakutaka kuiona tena nyumbani. Duka la kompyuta alilijua moja tu, lile la muhuri wa karatasi, nyuma ya posta. Alijifunga kikwembe cheusi, akahamishia kwenye pindo lake zile pesa na karatasi yenye muhuri, akaenda.

Lilikuwa duka jembamba, meza moja ndefu, na nyuma ya meza kijana wa miaka thelathini hivi, tournevis, bisibisi yake, imechomekwa sikioni kama kalamu. Jina lake Elisée. Mteja mmoja alikuwa ameegemea meza analalamika: "Mashini yangu inakwama, papa, tangu jana inakwama." Habiba alilisikia neno hilo likipita, hakulishika. Aliweka mfuko mezani, na Elisée aliuona mfuko kabla ya kumwona yeye.

"Eh! Hii sac!" Uso wote ulimfunguka. "Yusufu iko wapi? Weye njo mama yake? Alituambiaka mama yake njo alishona. Mama, umuambie nikimuona nitamupiga! Tangu mwezi wa sita niko nachunga mémoire yake. Bantu banaiomba, mie nakataa, nasema iko na mwenyewe."

Habiba alishika ukingo wa meza.

"Unachunga nini?"

Elisée alivuta droo, akatoa kifuko kidogo cha plastiki chenye kipande cha utepe mweupe. Kwenye utepe imeandikwa kwa kalamu: *Yusu – Katuba*. Ndani mlikuwa na kitu cha kijani, chembamba, kifupi kuliko kidole cha kati, ukingo mmoja una meno madogo ya rangi ya dhahabu, kama kitana cha mtoto mchanga.

"Mémoire, mama. Barrette ya mémoire." Akagonga mfuko wa vikwembe kwa kidole. "Ya mashini."

Habiba aligeuka akamwangalia yule mteja mwingine. Kilichokuwa mbele ya yule mteja, kile alichokiita mashini, kilikuwa kompyuta.

"Papa," alimwambia Elisée, "unieleze pole pole. Mie sikusoma."

Elisée alitaka kusema maneno ya kazi yake, akamwangalia, akayaacha. Aliona sindano iliyochomekwa kifuani mwa libaya lake, na uzi mweusi bado unaning'inia.

"Mama uko fundi? Sawa. Weye uko na kabati, kwenye unachungaka bikwembe. Na uko na meza, kwenye unakatiaka. Si vile? Kabati ikikuwa munene na meza ikikuwa kadogo, utafanya kazi?"

"Sitafanya. Kitambaa kitaanguka chini."

"Njo vile. Hii mémoire njo meza. Mashini ya Yusufu iko na meza kadogo namna hii. Na yeye anatandika juu yake mapicha ya bisima, ma-carte, kila kintu. Inakunjana, inaanguka, anaanza tena. Akifika page ya makumi ine, inakwama. Alikuya hapa mara tatu, mama. Mara tatu! Nilimuambia, Yusu, haukosi akili, unakosa meza."

Habiba alifungua pindo la kikwembe. Pesa zilikuwepo, hakuzijali. Alitoa ile nusu karatasi, akaiweka mezani upande wenye mwandiko.

"Na hii L?"

"Ah!" Elisée alicheka, amefurahi kukiona kitu cha rafiki. "Hii ni mie nilimuambia. PC3 ni aina, nane ni ukubwa wa meza. Barrette ziko za namna mbili. Zenye L na zenye hazina L. Ukiangalia, zinafanana kabisa. Lakini mashini yake, ukiiwekea ya bila L, haiwake. Inataka yenye inakulaka courant kidogo, umeme kidogo. Juu bangemuuzishia mubaya ku marché, nikamuambia: usisahau L. Akaandika."

"L ni courant kidogo," Habiba alisema.

"Njo vile, mama. Courant kidogo."

"Haiko jina ya muntu."

"Jina ya muntu? Apana." Elisée bado alikuwa anatabasamu. "Aliniambia anaenda Mokambo kutafuta pesa, akirudi anaichukua. Alirudi, ao iko bado kule?"

Habiba aliikunja ile nusu karatasi.

"Alirudi, papa. Alirudi, tukamuzika."

Elisée aliweka kile kifuko mezani taratibu. Alitoa tournevis sikioni, kama mtu anayevua kofia. Alimwambia yule mteja mwingine arudi baadaye, akazunguka meza, akaleta kigoda, akamkalisha Habiba, naye akachuchumaa mbele yake. Nje magari yalipita, mtu alinadi maji ya baridi.

Kile kilio kilichokuwa kikikatwa katikati kwa siku zote zile, sasa hakikukuta hasira njiani. Kilipita moja kwa moja hadi mwisho. Elisée aliinuka akafunga nusu ya mlango.

Alipoweza kusema, Habiba alisema, "Uiweke."

"Nini, mama?"

"Ile mémoire. Uiweke ndani. Pesa ni hii, ni yake."

"Mama, mie siwezi kukamata pesa ya..."

"Alibeba mifuko ya unga juu ya hii. Usinikataze."

Elisée akazipokea. Zilitosha. Yusufu alikuwa anajua bei.

Aliigeuza kompyuta kifudifudi, akatoa betri, akafungua skrubu mbili na kifuniko kidogo. Akachukua kifutio, kile cha wanafunzi wa shule ya msingi, akasugua meno ya dhahabu ya barrette pole pole, akapuliza. Aliichomoa ya zamani. Mpya aliiingiza imelala mshazari, akaibonyeza kwa vidole viwili mpaka vibanio vya pembeni vikashika. Ta. Sauti ndogo, kama ya kifungo cha kubonyeza cha nguo ya mtoto.

"Ni ile tu?" Habiba aliuliza.

"Ni ile tu, mama."

Ilichukua muda mfupi kuliko kushona kifungo.

Kompyuta ikawaka. Haikukwama. Elisée alifungua kitabu cha Yusufu, na kurasa zikaanza kushuka moja baada ya nyingine, laini, kama kitambaa kinachotoka kwenye jora. Jina lake mbele. Ramani ya Katuba yenye vidoti. Kisima, kisima, kisima. Habiba alivitambua vingine: cha bibi mwenye mbuzi, cha nyuma ya shule. Halafu akaona mgongo wa mwanamke anaanika vikwembe, na mbele yake kisima chenye kifuniko cha bati lililopinda. Ni mgongo wake. Hakujua kama alipigwa picha.

"Imeandikwa nini pale chini?"

Elisée aligeuza Kifaransa polepole. "Kisima namba makumi sita na moja. Kwa mama yangu. Mita kumi na moja. Maji ni mazuri."

Habiba aligusa kioo kwa ncha ya kidole, akaondoa mkono haraka, asije akakiharibu.

Wakarudi juu kabisa, mwanzo wa kitabu. Kulikuwa na ukurasa wenye neno moja tu, na chini yake weupe mtupu.

"Na hapa?"

"Dédicace," Elisée alisema. Akasita. "Ni page ya kusema kitabu unamutolea nani. Tunaiandikaka mwisho, mama. Kila kintu kikiisha."

"Hakuandika."

"Hakufika."

Walikaa wakiuangalia ule weupe. Kimstari cha kuandikia kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kinasubiri.

"Mama, unataka niandike kintu? Jina yako?"

Habiba alifikiri. Alitaka, usidhani hakutaka.

"Apana," alisema. "Siyo mie wa kuandika pale."

Hakumwambia Elisée kwamba alikuja kuuza. Aliirudisha kompyuta kwenye mfuko wake. Elisée aliitia ile barrette ya zamani ndani ya kifuko chenye utepe, akampa nacho, akamsindikiza mpaka barabarani, akamsimamishia taxi.

Alishuka kona ya avenue yao mchana, vijana wote wako kwenye meza yao ya simu, na Mado yuko kwenye makala yake ng'ambo tu, anapima ndoo kwa mteja.

"Mama Yusufu! Unatoka wapi na hili jua?"

Habiba alikwenda akasimama mahali ambapo wote wangemsikia.

"Mado, mémoire iko mbili."

Mado alianza kucheka, kwa mazoea. Kicheko kilimfia mdomoni.

"Iko ya kitabu, na iko ya mashini. Mutoto alisema kweli." Akainua kile kifuko cha plastiki. "Ni hii. Ni kale kantu kadogo alituonyesha na bidole, sisi tunacheka. Na L haiko Léa. L ni courant kidogo. Ile pesa aliitosha Mokambo, ku mugongo wake. Hakuniiba hata kitu."

Kijana mmoja pale mezani, anayejua mambo hayo, alikiangalia kifuko akainamisha kichwa. Mado aliiacha ndoo. Mikono yake ilikuwa myeusi ya makala, hakujua aipeleke wapi, akaiweka kichwani, kwenye kitambaa chake cheupe.

"Mama Yusufu, ni mie nilimupa lile jina."

"Ulimupa jina, Mado. Yako ilikuwa mchezo. Mie nilimuita muongo."

"Mama, utusamehe," alisema yule kijana aliyelia siku ya mazishi. "Hatutalitaja tena. Tunaapa."

"Apana." Habiba alitikisa kichwa. "Mukilinyamazia, litabakia kwake. Siku ingine muntu atalikumbuka, bataulizana: ule mutoto wa Katuba mwenye mémoire mbili, yule muongo, alikufaka lini? Sitaki. Mulitoshe kwake. Muniite mie."

"Mama, hatuwezi."

"Mie njo sikujua kama iko mbili. Jina ni yangu. Muanze leo."

Hakuna aliyeanza. Vijana waliangalia simu za watu. Mteja wa makala alishika ndoo yake tupu. Mwishowe ni Mado, kwa kuwa mdomo wa mtaa ni wake, ndiye aliyesema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Mama Mémoire Mbili."

"Naam," akaitika Habiba.

Halafu akashika njia ya salon. Léa alikuwa anasuka, mikono imejaa nywele za mtu. Habiba alimwambia amekuja kumwangalia usoni, kwa sababu siku ya sukari hakumwangalia. Binti hakuelewa. "Mama, mie sikumujua sana Yusufu," alisema kwa aibu. "Alinisalimiaka tu. Na akinisalimia anacheka mbele hata sijaitika." Habiba alisema, njo yeye.

Kompyuta iko kwake mpaka leo, kwenye rafu juu ya zile alama nne, ndani ya mfuko wa tausi na maua. Elisée alimchapia kitabu, kimefungwa vizuri, na ule ukurasa mweupe umo mahali pake, mweupe. Institut haiwezi kumpa marehemu diploma, walimweleza hivyo kwa upole, na wakamwonyesha kwenye daftari lao kwamba frais ya mémoire ya Yusufu ililipwa mwezi wa tano, kesho yake tu baada ya surfileuse kuuzwa. Aliomba kuuona ule mstari mara moja tu. Kingo za nguo bado anazifunga kwa mkono.

Kwa hiyo ukifika, liite hilo jina bila woga. Ataitika. Ila usiite mara mbili. Siku hizi mtu akisema naye, husikia mara ya kwanza.